Hija Iliyogeuka Kuwa Yangu

Siku ile chumbani tulikuwa sita. Mama, kitandani. Mimi, mwanawe wa kwanza. Mdogo wangu wa kike, ameshika kikombe cha uji ambao Mama hakuweza tena kuumeza. Baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba yetu, mzee wa kanisa la Wasabato, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango kama mtu mwenye haraka. Mke wake, nyuma yake. Na jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwalimu mstaafu, ambaye alikuja kuleta maziwa akaona haya kuondoka. Imamu wa mjini Kisii tulikuwa tumempelekea salamu, lakini barabara ya Ikonge ilikuwa matope matupu, akafika kesho yake, Mama akiwa ameshafunikwa. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja wao alisikia ahadi niliyoitoa, na hakuna hata mmoja aliyejua sheria yake.

Koo la Mama lilikuwa limeziba. Ni ugonjwa ambao umechukua watu wengi kwetu. Unaanza kwa kukataa ugali, kisha uji, mwisho hata maji yanarudi. Mwili wake ulikuwa umebaki kidogo tu chini ya blanketi. Alinyoosha kidole kwa mdogo wangu.

"Nenda na huyu," aliniambia. "Niliahidi."

Sote tulijua anachosema. Baada ya mimi kuzaliwa, Mama alizika watoto wawili wakiwa bado wananyonya. Alipobeba mimba ya mdogo wangu aliweka nadhiri: mtoto huyu akiishi, yeye na mtoto wake watakwenda Makka kuhiji. Mtoto aliishi. Baba, ambaye alikuwa mchinjaji mjini na ndiye aliyeuleta Uislamu nyumbani kwetu, alisema wataanza kuweka kitu kidogo kidogo katika kopo. Kisha Baba akafa. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nilivua sare nikavaa kikapu cha kuchumia chai, na kila kilichokusanywa kikawa chakula na karo ya mdogo wangu. Nadhiri ikabaki pale pale, tukiizunguka kama jiwe lililo katikati ya uwanja.

"Nitakwenda, Mama," nilisema. "Nitasimama mahali pako."

"Wewe mwenyewe. Usimpe mgeni."

"Mimi mwenyewe."

Baba mdogo alikohoa. "Shemeji, pumzika. Habari za ndege tutazungumza ukipona."

Mama alimgeuzia macho. "Wewe hata sokoni hukuwahi kunisindikiza," alisema kwa ile sauti yake iliyobaki pumzi tupu. "Usinitishie ndege."

Tulicheka, hata mke wa Baba mdogo, ambaye kwa kawaida hacheki mbele ya mumewe. Ndicho kicheko cha mwisho ambacho Mama alikisababisha. Alikufa kabla ya alfajiri.

Imamu alikuja na wanawake wawili wa kumwosha. Alitaka maiti izikwe kabla ya adhuhuri, na kaburi lilikuwa tayari upande wa migomba, karibu na la Baba. Lakini wajomba walikuwa wamefika kutoka Kenyenya, na walikuwa wamekaa nje kwenye nyasi zenye maji, nje ya ua. Hawakutaka kuingia.

Mjomba mkubwa alisema, "Dada yetu hajaolewa. Baba yenu alileta ng'ombe wa mwanzo, waliobaki akatuletea maneno. Maneno hayakamuliwi."

"Mzee wangu, maiti inangoja," imamu alimwambia.

"Nasi tumengoja tangu kijana huyu hajazaliwa. Dada yetu anajua kungoja kuliko sisi?"

Imamu alijaribu kueleza kwamba katika dini mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, na kwamba aliyekufa hazuiliwi. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Hayo ni ya kwenu mjini, bwana. Sisi tuko kwetu."

Hakuna aliyemwona kuwa mtu mbaya. Hata mimi sikumwona hivyo. Kwetu mwanamke ambaye ng'ombe wake hawajakamilika, akizikwa, anazikwa kama mtu aliyepita njiani. Na mtoto wa kwanza ndiye anayeulizwa. Nilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na mtamba wake. Nilikuwa nimewaweka kwa ajili ya msichana mmoja wa Ogembo, ingawa kila mtu alijua kwamba singeweza kuwapeleka huko kabla ya wa Mama kwenda Kenyenya. Kijana hamtolei mke wake ng'ombe huku ng'ombe wa mama yake hawajatolewa. Ni kama kutaka kuezeka nyumba ambayo haijapigwa nguzo.

Niliwafungua wote wawili nikawapitisha mbele ya mlango wa chumba ambamo Mama alikuwa amelala ndani ya sanda. Mtamba aligoma. Mdogo wangu akaja akamsukuma nyuma, akilia, miguu yake ikiteleza kwenye tope. Mjomba alipapasa mgongo wa ng'ombe, akatazama meno, akanipa mkono.

"Sasa ameolewa," alisema. "Mzikeni."

Tulimzika mvua ikinyesha. Yule msichana wa Ogembo aliolewa kwingine mwaka uliofuata, nami sikumlaumu.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza deni lilivyo. La mzazi hutangulia, lako linafuata. Sikulisoma popote. Nililivuta kwa kamba mikononi mwangu.

Miaka ilipita nikichuma chai. Mdogo wangu alimaliza shule, akafungua duka la vitambaa Ogembo, akawa mtu wa kuvaa viatu vizuri na kunikemea nikila nimesimama. Kila tulipoanza kukusanya kwa ajili ya safari, kitu kilikuja kikala akiba: mabati, hospitali, mwaka ambao chai haikuwa na bei. Hatimaye nikaona nadhiri ya Mama haitatoka kwenye kikapu. Itatoka kwenye shamba.

Niliamua kuuza kipande cha chai kilicho upande wa kijito. Ndicho Baba alichokipanda mwenyewe. Mwalimu mstaafu alikuwa tayari kununua. Alikuwepo chumbani siku ile, na alisema angalau kiende kwa mtu anayejua kinauziwa nini. Ilibaki Baba mdogo kukubali.

Alinipokea nje, akichambua mboga ya chinsaga kwenye ungo pamoja na mkewe.

"Unauza jasho la kaka yangu ukaizunguke nyumba," alisema, bila kuniangalia. "Nyumba yenyewe nasikia haina mtu ndani."

"Ni ya Mama, Baba mdogo. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Na nilisikia mgonjwa akiota." Alitupa jani. "Ukirudi utakula nini? Kofia?"

"Nitachuma kwa watu."

"Mtoto wa mwenye shamba achume kwa watu!" Mkewe alimgusa goti. Baba mdogo alichambua jani jingine, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia. "Hiyo nadhiri. Usipoilipa, inamwandama yeye au inakuandama wewe?"

"Nadhani inamngoja yeye."

"Kama ng'ombe wale."

"Kama ng'ombe wale."

Alipangusa mikono kwenye suruali. "Basi lete watu wa mipaka. Lakini usinipigie simu ukiwa huko eti nikuombee. Mimi nina Sabato yangu."

Tulikwenda, mimi na mdogo wangu. Imamu wa Kisii alituombea dua msikitini, watu wakatushika mikono. Sikumwuliza lolote kuhusu namna ya kumhijia mtu aliyekufa, kwa sababu sikuona kwamba kulikuwa na la kuuliza. Kwenye mafunzo ya Nairobi tulikuwa wengi mno. Tulifundishwa namna ya kuvaa, ya kuzunguka, ya kutunza pasipoti. Nilikaa nyuma nikasikiliza kama mtoto aliyerudi shuleni amechelewa, nikaogopa kuinua mkono.

Tulitua Madina. Baada ya siku chache tukapanda mabasi kuelekea Makka, na nje tu ya mji mabasi yakasimama kwenye msikiti mkubwa. Pale ndipo mahujaji wa njia ile wanapooga, wanapovaa zile shuka mbili nyeupe, na kutia nia ya hija. Niliona vidole vyangu, vyeusi kwa utomvu wa chai, juu ya kitambaa kile cheupe. Miaka yote ile ilikuwa ikija mahali hapa.

Sheikh wa msafara wetu, mtu wa pwani, mpole, mwenye chupa ya maji mkononi kila wakati, alikuwa akipita kati yetu akisahihisha mabega. Nilimvuta pembeni.

"Sheikh, jina la mama yangu naliweka wapi?"

"Wapi kivipi?"

"Kwenye nia. Namhijia yeye. Alikufa na nadhiri."

"Mungu amrehemu. Umefanya jambo kubwa, ndugu yangu." Alitabasamu. "Na yako ulihiji lini?"

"Mimi? Mimi bado. Yangu nitakuja siku nyingine, Mungu akipenda."

Tabasamu liliondoka polepole. Alifunga kifuniko cha chupa.

"Hukuwahi kuhiji?"

"Sijawahi hata kupanda ndege."

"Basi hii ni yako. Asiyejihijia hamhijii mwingine. Unaanza na nafsi yako, kisha mzazi."

Nilidhani hakunielewa. "Sheikh, yangu inaweza kungoja. Mimi niko hai. Yeye ndiye hawezi kungoja."

"Kwa sababu uko hai ndiyo maana unadaiwa."

"Kwetu mtoto hatangulizi lake mbele ya la mzazi. Ni aibu."

"Kwenu ni wapi?"

"Nyamira."

Alitikisa kichwa kwa huruma, si kwa dharau. Aliniambia kwamba jambo hili lilitokea zamani mbele ya Mtume mwenyewe: mtu alitia nia kwa ajili ya mwenzake, akaulizwa kama amejihijia, akasema hapana, akaamriwa aanze na yake. Alisema baadhi ya wanazuoni wana maneno mengine, lakini sisi tumefunzwa hivi, na yeye hawezi kunibebesha asilolijua.

"Na nikimtaja yeye tu?" niliuliza. "Nikitia nia yake, ninyamaze, niende?"

"Itageuka iwe yako. Yeye utakuwa umemtaja tu." Akaniwekea mkono begani, pale palipokuwa wazi. "Muombee. Dua haina kizuizi. Na ukipata uwezo tena, rudi umhijie. Usimkatie tamaa Mola wako."

Ukipata uwezo tena. Aliyasema kwa wema kabisa. Hakujua kwamba uwezo ule ulikuwa chai upande wa kijito, na kwamba chai haioti mara ya pili kwa mtu aliyeiuza.

Watu walianza kuitikia talbia, ule wito wa mahujaji, basi moja baada ya jingine, sauti zikapanda mpaka zikawa kitu kimoja. Nilifungua mdomo. Nilitia nia yangu, mimi, kwa nafsi yangu, kwa sababu sikuwa na ruhusa ya kutia nyingine. Sijawahi kujisikia mwizi namna ile, nami sikuwa nimeiba.

Ndani ya basi nilimweleza mdogo wangu. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Huko kuna wanafunzi," alisema. "Vijana wa kwetu wanaosoma huko. Wameshahiji. Nimesikia mtu anawapa nauli na chakula, wanamhijia maiti wake. Tumtafute mmoja."

"Alisema nisimpe mgeni."

"Alisema hivyo kwa kutojua. Mle chumbani nani alijua? Mwalimu? Baba mdogo?"

"Alisema mimi mwenyewe, nikamwambia mimi mwenyewe. Leo nimwambie nini? Kwamba nimemtafutia kibarua?"

"Hata wewe ni kibarua!" Alifungua macho. Mama mmoja wa kiti cha mbele aligeuka, akageuka tena haraka. Mdogo wangu akashusha sauti. "Nadhiri yenyewe ilikuwa juu ya uhai wangu. Mimi ndiye niliyeishi. Unafikiri ni wewe tu unayeibeba? Tangu nikiwa mdogo, kila mkinitazama mnaona safari ambayo haijalipwa."

Hakuwahi kuniambia hilo. Nilikuwa nimemlisha, nimemsomesha, nimemwona akisukuma mtamba kwenye tope, na sikuwahi kufikiri kwamba mtoto anaweza kukua akijiona kuwa yeye ndiye deni.

"Sikukutazama hivyo," nilisema.

"Ulinitazama hivyo. Si kosa. Lakini ulinitazama."

Tuliendelea, milima mikavu ikipita, haina hata jani. Baadaye alinipa tende kutoka mkobani mwake, akaniambia, "Kula. Umekaa."

Sikumtafuta mwanafunzi yeyote. Najua wapo watakaoniona mjinga, na huenda ni kweli. Lakini neno lilikuwa limetoka mdomoni mwangu mbele ya watu watano, na mmoja wao hayupo wa kunisamehe.

Kuhusu hija yenyewe nitasema kidogo, kwa sababu niliipita kama mtu aliyevaa koti la mwingine. Nilizunguka Kaaba nikiwa nimeshika kitambaa cha mdogo wangu ili umati usitutenganishe. Alilia nikafurahi kwamba analia, maana hija yake yeye ilikuwa halali. Mtoto aliyeahidiwa Makka alikuwa Makka. Upande wake ulikamilika. Kando yake palikuwa na nafasi ambayo ilipasa kuwa ya Mama, na mimi nilikuwa nimesimama ndani yake bila kuijaza.

Kwenye uwanda wa Arafa jua lilikuwa kali hadi hewa ikawa nzito kama blanketi. Katika hema letu kulikuwa na mzee kutoka upande wa kaskazini aliyekuja na wanawe. Alasiri aliinamisha kichwa kama anayesinzia na hakukiinua. Walipombeba, watu walikuwa wakinong'ona kwamba amepata bahati, kufa mahali kama hapa, amevaa hivi. Wanawe walikuwa wakilia kama wana wa mtu yeyote. Mkubwa wao aliniuliza, bila sababu, "Uliwahi kumzika wako?" Nikasema ndiyo. "Aliumia?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akawafuata wenzake.

Nilitoka nje nikasimama juani na kuinua mikono. Niliomba kwa Ekegusii, lugha yetu, kwa sababu Mama hakujua Kiarabu na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Niliomba asamehewe. Kisha nikazungumza naye mwenyewe, jambo ambalo pengine halifai. Nilimwambia: nimefika, lakini wamenirudisha mlangoni. Wamesema nianze na yangu. Sikupenda. Ningoje.

Tuliporudi Kisii, watu wa msikiti walitupokea kwa takbiri. "Alhaji! Alhaji!" Imamu alinikumbatia. Nilipomweleza, alikaa chini kwenye zulia.

"Hukuniuliza," alisema.

"Sikujua kwamba linaulizwa."

"Nami sikufikiri kukuuliza. Nilijua unakwenda kwa nadhiri ya mama yako, nikafikiri unakwenda kwanza kwa nafsi yako, kisha utapanga lake." Alivua miwani akaifuta muda mrefu kwa kanzu yake. Alisema ni kheri hija yangu imeshatimia, sasa njia ya kumhijia iko wazi, kwangu na kwa mdogo wangu. Yalikuwa maneno ya kweli. Sikuweza kuyafurahia.

Nyumbani, Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shamba la migomba, karibu na makaburi mawili, amevaa suti yake ya kanisani ingawa haikuwa Jumamosi. Alikuwa amenyoa ndevu. Niliona amejiandaa kunipokea, na kwamba asingekiri.

"Alhaji wangu," alisema kwa kejeli. "Umemwoza mama yako?"

Nilimwelewa: aliuliza kama deni la Mama limelipwa, kama lile la ng'ombe. Nilikaa kando yake nikamwambia yote: msikiti wa njiani, sheikh, nia iliyogeuka. Nilingoja acheke. Alikuwa na kila sababu ya kucheka.

Hakucheka. "Wamekulipisha lako kwanza," alisema polepole, "la mzazi likabaki?"

"Ndiyo."

"Mungu gani anapanga foleni namna hiyo?"

"Huyu."

Alitazama kaburi la shemeji yake, majani yaliyoanza kuota pembeni, ambayo mtu alikuwa ameyapalilia nusu. Jembe lilikuwa limeegemea mgomba, nikajua nani alikuwa akipalilia. "Basi bado yuko nje ya ua," alisema. Akainuka akajipangusa, akachukua jembe akaendelea na ile nusu iliyobaki, akiwa na suti yake, na mimi nikang'oa kwa mikono upande wa pili. Mke wake alituita kula na hatukuitika.

Sasa nachuma chai kwa mwalimu mstaafu. Kila asubuhi nashuka upande wa kijito na kikapu mgongoni na kuingia kwenye mistari ambayo Baba aliipanda. Vidole vyangu vinaijua miche ile. Najua ipi inachelewa na ipi inatoa mapema baada ya mvua. Mwanzoni mwalimu hakutaka. Alisema anaona vibaya kunilipa kwa kile kilichokuwa changu. Nilimwambia alikuwepo siku ile, kwa hiyo anajua kazi hii ni ya nini, akaacha kubishana. Wachumaji wengine, vijana, hunitania kwenye kituo cha kupimia chai: "Alhaji, pita mbele, wewe umeona mbingu." Napita mbele. Mizani hainitambui.

Mdogo wangu huja Jumapili akifunga duka. Tumeacha kugombana kuhusu nani atakwenda. Atakayekuwa na nauli kwanza, ndiye. Alisema hivyo yeye, nami nilikataa, kisha wiki iliyofuata nikakubali, kwa sharti kwamba akitangulia yeye, nimsindikize mpaka uwanja wa ndege. Aliniambia hilo ni sharti la mtu mjinga. Lakini ameanza kuweka kitu kidogo kidogo, kama Baba alivyosema zamani, katika kopo lile lile.

Cheti cha hija nilichopewa kina jina langu. Nimekiweka chini ya godoro, si ukutani. Ukuta nimeuachia Mama. Safari yake bado haijaenda.